Hesabu Zisomwe Tukiwa na Kombe Mkononi

Mei 6, 2012 Simba iliifunga Yanga mabao 5-0. Mwezi haukuisha, mwenyekiti wa Yanga wa wakati ule akaachia ngazi kwa shinikizo la wanachama, na Julai wakamchagua tajiri Yusuf Manji. Novemba 5, 2023 Yanga ililipa deni lake, 5-1. Wiki haikwisha, kocha wa Simba, Roberto Oliveira, Robertinho wa watu, akawa ameshaondoka Msimbazi. Kufika Juni 2024 mwenyekiti wa bodi ya Simba, Salim Abdallah, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Try Again, alikuwa amejiuzulu na mwekezaji Mohammed Dewji amerudi kukikalia kiti hicho mwenyewe.

Mtu asituambie kwamba shabiki wa Tanzania hana nguvu. Ana nguvu ya kumng'oa mwenyekiti, kumfukuzisha kocha na kumrudisha tajiri kwenye kiti alichokuwa amekiacha. Kinachoniuma ni kwamba nguvu hiyo huamka siku ya kipigo tu, humwelekea mtu mmoja, na karibu kila mara huishia kwa kumkabidhi klabu mtu mwenye fedha zaidi bila kumwuliza swali hata moja la maana. Tukishinda, tunalala. Na mambo makubwa ya klabu hizi mbili, yale yanayoamua nani ataimiliki nembo na nani atakula jasho la timu kwa miaka kumi ijayo, hupitishwa tukiwa tumelala.

Mimi ni Simba, tena wa kurithishwa. Msimu wa 2023/24 tulimaliza wa tatu, nyuma ya Azam, tukaikosa Ligi ya Mabingwa Afrika huku Yanga ikichukua ubingwa wa tatu mfululizo. Nayajua maumivu yale. Kwa hiyo sikubaliani hata kidogo na wanaosema shabiki akae jukwaani ashangilie, mambo ya bodi awaachie wenye fedha zao. Wenye fedha ni akina nani hasa? Anayetoka Gongo la Mboto saa nane mchana, akapanda daladala mbili kufika uwanjani Temeke, akalipia jukwaa la mzunguko kwa kadi yake ya N-Card, akasimama dakika tisini na kurudi nyumbani usiku kwa mguu kwa sababu nauli imeishia kwenye maji ya kunywa, huyo ametoa fedha. Anayelipia king'amuzi kila mwezi ametoa fedha. Mei 2021 Azam Media ilisaini na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Hakuna kampuni inayotoa fedha za namna hiyo kwa sababu ya uzuri wa nyasi za viwanja vyetu. Inalipia macho yetu, na macho mengi kati ya hayo yanaangalia nyekundu au kijani na njano.

Chukua jezi. Msimu ukikaribia kuanza, Kariakoo inajaa jezi za aina mbili, halisi na feki, na feki ni rahisi zaidi. Wapo vijana wengi, wauza maji, makondakta, mafundi simu, wanaojinyima ili wanunue halisi, kwa sababu msemaji wa klabu amewaambia redioni kwamba ukinunua feki unaiibia timu yako. Kijana anaishika ile jezi, anageuza lebo, anachungulia nembo imeshonwa au imebandikwa, anamwuliza muuzaji mara mbili. Anafanya ukaguzi wake pale pale dukani ili ahakikishe shilingi yake inafika Msimbazi au Jangwani. Akishalipa, ukaguzi unaishia hapo. Ziliuzwa jezi ngapi mwaka huo, klabu ilipata kiasi gani kwa kila moja, mzabuni alipatikanaje, hayo hana pa kwenda kuyasoma.

Mfano ninaoutaka zaidi ni wa watani wetu, na nautaja bila kejeli, kwa kuwa kilichowapata kilikuwa kinaweza kumpata yeyote. Agosti 2016 Yanga ilikuwa juu kabisa. Ilikuwa bingwa wa msimu uliotangulia na bingwa wa msimu uliokuwa umemalizika. Katika hali hiyo Manji, akiwa mwenyekiti, aliuomba mkutano wa dharura wa wanachama umkodishe timu pamoja na nembo kwa miaka 10. Mgawo aliouweka mezani ulikuwa wa asilimia 75 ya faida kwake na 25 kwa klabu. Mikono ikanyooshwa. Watu walishangilia ukumbini kama waliofunga bao la dakika ya mwisho.

Hebu tulitazame jambo lile kwa utulivu sasa. Klabu iliyoanzishwa 1935, yenye jengo lake Jangwani, yenye wapenzi kuanzia Kigoma mpaka Mtwara, inaombwa kukabidhi jina lake kwa miaka kumi, na wanaoombwa ni watu wenye furaha ya ubingwa. Thamani ya ile nembo ilikuwa imepigiwa hesabu na nani? Faida ingejulikanaje, na nani angeikagua? Kama aliyekodishwa angechoka mwaka wa pili, wachezaji wangekuwa wa nani? Wachache waliouliza walizomewa, wakaitwa wasaliti, wakaambiwa wametumwa na Simba. Mpango wenyewe haukutimia. Baraza la Michezo la Taifa, BMT, liliingilia kati, na mvutano ukawa mrefu. Mei 2017 Manji akajiuzulu, mwezi ule ule Yanga ilipobeba ubingwa wa tatu mfululizo.

Kilichofuata kila mpenzi wa mpira anakikumbuka. Fedha zilikatika. Wachezaji wakawa wanadai mishahara. Mwinyi Zahera, kocha kutoka Kongo, akawa ndiye anayewahimiza mashabiki wachange, na Yanga nzima ikatembeza bakuli. Juni 2019 wakafanya harambee kubwa waliyoiita Kubwa Kuliko. Sisi wa Simba tulicheka sana wakati ule. Ila mama aliyetuma elfu tano kwenye simu ili klabu yake isife hakustahili kuchekwa. Alistahili kuelezwa mabilioni ya miaka mitano ya Manji yaliacha nini pale Jangwani.

Marehemu Manji aliipenda Yanga, na fedha zake zilileta makombe. Sina sababu ya kumsema vibaya mtu aliyefariki 2024 na ambaye Wananchi wengi, yaani wapenzi wa Yanga, bado wanamlilia. Lawama yangu iko kwenye utaratibu ulioruhusu klabu nzima isimame juu ya mfuko wa mtu mmoja, mpaka mtu huyo alipoondoka ikabaki haina hata nauli ya kwenda mkoani. Na utaratibu huo una mizizi ya zamani. Klabu hizi zimezoea kulelewa. Hata jengo la Jangwani lilipatikana kwa msaada wa Mzee Abeid Amani Karume. Baada ya hapo wakaja wafanyabiashara, makundi ya marafiki, kamati za usajili zenye watu waliotoa fedha mfukoni usiku ili mchezaji asiibiwe na watani. Mapenzi yalikuwa ya kweli. Vitabu vya hesabu ndivyo vilivyokosekana.

Sasa nije nyumbani. Desemba 2017 wanachama wa Simba walikutana, na Mohammed Dewji akatangazwa mshindi wa zabuni ya uwekezaji kwa shilingi bilioni 20. Mwanzoni ilizungumzwa asilimia kubwa zaidi, lakini kanuni za Serikali zikataka wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji asizidi 49. Ukipiga hesabu ya haraka, bilioni 20 kwa asilimia 49 zinaifanya Simba yote, jina, historia, mashabiki, kila kitu, iwe na thamani isiyofika bilioni 41. Inawezekana ilikuwa bei ya haki. Inawezekana haikuwa. Mwanachama wa kawaida hakuwahi kupewa karatasi ya kumwezesha kujua.

Kumbuka tulikuwa katika hali gani. Tulikuwa hatujabeba ubingwa tangu 2012. Watani walikuwa wanatutambia kila kona. Tulikuwa na njaa, na mwenye njaa haulizi bei. Kisha fedha zikaingia na mambo yakanyooka. Tukachukua ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia 2017/18 mpaka 2020/21. Tukafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa msimu wa 2018/19, nyumbani ikawa hatoki mtu. Katika miaka hiyo minne, mchakato wa mabadiliko ya mfumo ulikuwa unasuasua, mara Tume ya Ushindani, mara katiba, mara nyaraka za mali za klabu. Swali la bilioni 20 ziko wapi lilisikika, lakini aliyeliuliza alionekana adui wa mafanikio, na ubishi wake ukawa wa mtandaoni, kati ya watu wakubwa, sisi tukichagua pande kama kwenye mechi. Mwaka 2021 Dewji alitangaza hadharani kwamba ametoa fedha hizo. Tukapiga makofi. Septemba mwaka huo akaachia uenyekiti wa bodi.

Ubingwa ulipohamia Jangwani na kukaa huko, ndipo ghafla kila mmoja wetu akawa mkaguzi wa hesabu. Usajili mbovu, nani kala? Mwenyekiti wa upande wa wanachama aondoke. Bodi nzima iondoke. Maswali mengine yalikuwa ya haki kabisa, ila yalikuja yakiwa yamechelewa miaka mitano, na yalikuja yakiwa na hasira kiasi kwamba jibu lolote lililokuwa na jina la mtu lilitosha kuyanyamazisha. Aliporudi Dewji tukashusha pumzi. Mei 2025 tukacheza fainali ya Kombe la Shirikisho na RS Berkane, tukafungwa 2-0 kule Morocco na kutoka sare ya 1-1 Zanzibar. Nililia siku ile, sioni aibu kulisema. Ila kuhusu nani anamiliki nini ndani ya Simba, mwanachama wa Mbagala alikuwa hajui zaidi ya alichokijua kabla ya kile kipigo cha mabao matano.

Nimeketi kwenye mikutano mikuu ya klabu zetu, na utaratibu wake naufahamu. Watu wanafika asubuhi na mapema, wengine wametoka mikoani usiku kucha, jezi mpya, kadi za uanachama shingoni. Ngoma, viongozi wanaingia, dua, mgeni rasmi, hotuba ya mwenyekiti inayoanzia mafanikio na kuishia mafanikio. Taarifa ya mapato na matumizi inakuja saa saba mchana, njaa inauma na joto limepanda. Inasomwa kwa kasi, mafungu makubwa makubwa: usajili kiasi hiki, mishahara na posho kiasi hiki, safari kiasi hiki. Namba zinaonekana kwenye skrini kwa muda usiotosha mtu kuzinakili. Kisha maikrofoni inashushwa kwa wajumbe, na mjumbe wa kwanza anasimama kuuliza kwa nini hatujasajili beki wa kushoto. Wa pili anataka jezi ya ugenini iwe nyeusi. Wa tatu anamsifu mwekezaji. Taarifa inapitishwa kwa sauti moja, na chakula kinatolewa.

Sasa asilimia 51 ya wanachama inatumika saa ngapi hapo? Kwenye sheria ni hisa nyingi, zinazotosha kuamua. Kwenye maisha halisi ziko mikononi mwa viongozi wachache waliochaguliwa, ambao wanaingia kwenye bodi na kukaa meza moja na mtu anayelipa mishahara. Mwakilishi wetu akibishana naye, kesho ataulizwa na sisi wenyewe: wewe umetoa shilingi ngapi? Kule Yanga nako kuna swali la aina hiyo hiyo. Rais wao, Mhandisi Hersi Said, aliyechaguliwa Julai 2022, alitokea GSM, kampuni inayoifadhili klabu. Amewafikisha fainali ya Shirikisho 2023 na makombe hayahesabiki kwa haraka, kwa hiyo Mwananchi akiulizwa leo atasema muacheni mzee afanye kazi. Lakini siku Yanga inapojadili mkataba na GSM, nani anakaa upande wa Yanga akiwa hana ndugu upande wa pili wa meza? Wakati mzuri wa kuuliza hilo ni huu, wanaposhinda, kuliko siku itakapokuja 5-0 nyingine.

Majirani wetu wa Kenya wameonja jambo hili hili kwa ladha nyingine. Agosti 2019 SportPesa, katika mgogoro wake wa kodi na Serikali ya Kenya, iliondoa udhamini wake kwenye michezo ya nchi hiyo. Gor Mahia ilikuwa bingwa mara tatu mfululizo. Mara ikawa timu ya mabingwa yenye wachezaji wasiolipwa, na AFC Leopards nayo ikayumba vivyo hivyo. Klabu ambazo ni za jamii nzima zilikuwa zimening'inia kwenye saini moja ya kampuni ya kubashiri, na wenye klabu waliligundua hilo siku saini ilipofutwa.

Wapo watakaosema ndivyo mpira ulivyo duniani kote, mwenye pesa ndiye mwenye klabu. Ujerumani haiko hivyo. Tangu 1998 klabu zao ziliruhusiwa kuwa kampuni, lakini kwa sharti kwamba chama cha wanachama kibaki na nusu ya kura na moja zaidi, ukiacha klabu chache zilizopewa msamaha kama Bayer Leverkusen na Wolfsburg. Kanuni yetu ya 51 kwa 49 inafanana sana na yao. Tofauti iko kwa watu wanaoitumia. Desemba 2023 klabu za Ujerumani zilipiga kura kuruhusu mwekezaji anunue sehemu ya mapato ya matangazo ya ligi, kwa fedha zinazokaribia yuro bilioni moja. Mashabiki hawakusubiri timu zao zifungwe. Wiki baada ya wiki walirusha mipira ya tenisi uwanjani mpaka mechi zikasimama, mashabiki wa timu mwenyeji na wa timu mgeni wakiwa kitu kimoja. Februari 2024 ligi ikaachana na mpango huo. Hakuna kocha aliyefukuzwa kwa ajili ya jambo lile, wala mwenyekiti aliyezomewa kwa sababu ya matokeo. Walikuwa wanapinga mpango waliouelewa.

Kusoma mikataba na hesabu ndiko tunakokosa. Nimesikia hoja kwamba mashabiki wetu hawataelewa hesabu za kampuni. Nenda kijiwe chochote siku ya mwisho ya hatua ya makundi. Utamkuta muuza kahawa anayekuambia timu gani inahitaji ushindi wa mabao mangapi, bao la ugenini linahesabika vipi, na mchezaji gani ana kadi ya njano ya pili. Anajua mkataba wa kiungo wa kigeni unaisha mwezi gani na ana meneja nani. Mtu wa namna hiyo hashindwi kusoma karatasi yenye safu mbili za mapato na matumizi. Hajapewa tu.

Hoja nyingine ni kwamba tukiuliza sana, mwekezaji ataondoka. Naiheshimu, kwa sababu nimeona Yanga ya bakuli na siitamani kwa klabu yoyote. Fedha za Dewji na za GSM zimeubadilisha mpira wetu. Kabla yao robo fainali ya Afrika ilikuwa hadithi za baba zetu, za Simba ya 1993 iliyofika fainali ya Kombe la CAF na kuipoteza hapa hapa Dar es Salaam mbele ya Stella Abidjan. Shukrani wanastahili. Lakini mwekezaji anayenunua hisa kwenye kampuni yoyote anategemea hesabu zilizokaguliwa ndipo aweke shilingi. Hawezi kukasirika mbia wake akitaka kuona kitu kile kile.

Na yako mambo ambayo fedha za miaka hii hazijayagusa. Simba na Yanga zina umri wa takriban miaka 90 kila moja, na hakuna iliyo na uwanja wake wa kuchezea Ligi Kuu. Mechi kubwa zinachezwa kwenye uwanja wa Serikali, na ukifungwa kwa matengenezo tunahangaika kutafuta pa kukaa. Azam, iliyopanda Ligi Kuu 2008, ina uwanja wake Chamazi. Ni ya familia moja, sawa, haina wanachama wa kuwauliza. Ila hilo lingepaswa kutuuma sisi tunaojiita wengi. Mapato ya msimu mmoja yakigawanywa mbele yetu, kiasi gani ni cha usajili na kiasi gani cha kitu kitakachobaki hata tajiri akiondoka, tungejua uwanja uko mbali kiasi gani.

Kwa hiyo kabla ya mkutano mkuu ujao, tawi lenu liandike barua kwa katibu mkuu au mtendaji mkuu wa klabu, iwe Msimbazi au Jangwani. Liombe hesabu zilizokaguliwa zifike matawini wiki mbili kabla, kwenye karatasi, ili watu wazisome jioni wakiwa wametulia. Liombe rejista ya hisa: kampuni ina hisa ngapi, zimesajiliwa kwa majina gani, zimelipiwa kiasi gani na lini. Liombe mkataba wa jezi na mkataba wa mdhamini mkuu, au walau muda wake, thamani yake na namna ya kuuvunja. Barua ipokelewe kwa mhuri, nakala ibaki tawini. Wakikataa, waandike wamekataa kwa kifungu gani cha katiba. Mkutanoni achaguliwe mtu mmoja wa kuuliza, awe amejiandaa, na tawi zima limsimamie asizomewe. Beki wa kushoto aulizwe baadaye.